Mbegu Nilizoosha

Ukiniuliza ulikuwa mwaka gani, nambari sina. Nilicho nacho ni tulichokula. Tulianza kwa kula mbaazi za mwisho, zile zilizotobolewa na wadudu, tukazila na wadudu wenyewe. Zilipoisha tukala majani ya kunde mpaka yakabaki mashina. Tukala ukwaju mpaka meno yakawa hayagusani. Halafu malori yakafika Emali na unga wa njano, na unga huo ndio ulioupa mwaka jina. Mtu wa rika langu ukimwambia "ule mwaka wa unga wa njano" hakuulizi tena swali. Ugali wake ulikuwa na rangi ya ua na harufu ya gunia. Watu wa mjini walisema ati ni chakula cha ng'ombe. Sisi tulisema ng'ombe wamekufa, wacha tuwasaidie.

Mama yangu tumemzika mwaka huu, kabla mvua haijanyesha. Pale kaburini, mzee mmoja jirani alishika koleo akasema kwa sauti ya kutosha, "Leo Mama Mbegu amejipanda mwenyewe." Watu wakacheka. Hakuna jina lingine walilowahi kumpa, Mama Mbegu, mwanamke mchoyo kuliko wote huku chini ya milima ya Kilungu, aliyewahi kudai mbegu kumi mbele ya wazazi wote wa shule. Nami nikacheka pamoja nao, kwa adabu ya msiba. Kicheko hicho sijakisamehe mpaka leo.

Siku ya tatu niliingia jikoni kwake kutoa vitu. Juu kwenye dari, nyuma ya kuni, nikapata kibuyu kimezibwa kwa gunzi. Nikakijua kabla sijakishika. Nikavuta gunzi, na ile harufu ikatoka: kali, ya vumbi la dawa, kama chuma kilichochovywa kwenye sabuni. Ndani kibuyu kilikuwa kitupu, lakini ukuta wake bado ulikuwa mwekundu mwekundu, kama ufizi wa mtoto. Nikakaa chini kwenye majivu na nguo zangu za msiba. Ndiyo sababu nimechukua daftari la mjukuu wangu na kuandika. Shule nimeenda kidogo, mtanisamehe mstari ukipinda. Lakini uongo hamtaupata humu.

Nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi, na mpaka unga wa njano unafika alikuwa bado anaitafuta. Nyumbani tulikuwa mimi na mama, na kuku mmoja ambaye hakuwa anataga ila tulimheshimu kwa sababu ya zamani.

Siku moja chifu aliita watu, akagawa mbegu za mahindi. Kila nyumba mfuko mmoja. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Zilikuwa nyekundu, si nyekundu ya udongo wetu, ni nyekundu ya kununua. Kwenye mfuko kulikuwa na maandishi ambayo mama hakuweza kuyasoma wala mimi, na chini yake picha: kichwa cha mtu asiye na nyama, macho mashimo, meno yote nje, na mifupa miwili imepishana. Nilimtambua mara moja. Alikuwa mtu mwenye njaa. Huku kwetu walikuwa wengi wanaokaribia kufanana naye. Nikaelewa vizuri kabisa: serikali imemchora mwenye njaa kwenye mfuko ili kila mtu ajue hicho ni chakula cha nani.

Nikamwambia mama, "Mwaitu, tuchemshe kidogo tu. Konzi moja."

Mama alikuwa anamimina mbegu kwenye kibuyu. Hakuinua uso. "Ukila mbegu umekula mwaka unaokuja."

"Hata punje tano?"

"Hata moja. Zikae hapa mpaka Mungu akumbuke kunyesha."

"Na mbona zimepakwa rangi?"

"Rangi ni ya kukukataza wewe na tumbo lako."

Akaziba kibuyu kwa gunzi, akapanda juu ya kinu, akakificha darini nyuma ya kuni. Mimi nikabaki na lile neno. Rangi ndiyo inayokataza. Mtoto ukimpa neno moja anajenga nyumba nzima.

Shuleni mwalimu wetu alikuwa mwanamume mrefu aliyetoka upande wa Kitui. Alikaa nyumba ya mwalimu pale pale shuleni na binti yake Nduku. Mke wake alikuwa amerudi kwa wazazi wake na mtoto mchanga, ati huko kuna mto ambao bado una maji. Nduku tulikaa naye dawati moja. Alikuwa na mwanya mbele na viatu vya ngozi ambavyo alivivua akivuka korongo ili visichoke, akavivaa tena mlangoni pa darasa ili tuvione. Kwa sababu hiyo nilimchukia wiki moja. Baada ya hapo tukawa hatuachani.

Hesabu tulifanya kwa punje. Kila Jumatatu kila mtoto alete punje kumi kutoka nyumbani, za mahindi, kunde, mbaazi, chochote kinachopandwa. Mwanzoni tulikuwa tukileta mawe, mwalimu akakataa. Akasema mawe tunatupiana na vijiti tunavunja viwili ili viwe vinne. Kwa hiyo punje. Aliyekosa alichapwa kiboko kimoja kwa kila punje iliyokosekana, na hiyo nayo ilikuwa hesabu. Wazazi walinung'unika barabarani, "Mwaka kama huu, hesabu ya chakula?" Lakini mwalimu alikuwa amesoma, na aliyesoma haulizwi.

Jumatatu tulijumlisha. Ijumaa tulitoa. Kumi, toa moja. Kumi, toa nne. Tulipofika kumi, toa kumi, mwalimu alipita na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, na kila mtu akamimina punje zake humo, lo, zilivyokuwa zikilia! Jumatatu tukaanza upya na nyingine. Nami niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba hesabu ndiyo inayokula. Kujumlisha hakuli kitu, ni kwema, lakini kutoa kuna tumbo. Niliona ni haki tu. Mwaka ule kila kitu kilikuwa na njaa, kwa nini hesabu isiwe nayo?

Mbaazi za nyumbani zilipoisha nilienda mikono mitupu, nikachapwa kumi. Sikulia. Sisi kwetu hatulii mbele za watu. Lakini njiani kurudi nilikuwa nimeshaamua.

Mama alipoenda kupanga foleni ya unga, nikapanda kinu, nikakishusha kibuyu. Nikachota konzi mbili. Hapo ndipo nilipofanya kile ninachokiandika leo. Niliogopa mwalimu akiona nyekundu atajua ni mbegu za chifu, na mama atafungwa. Kwa hiyo nikazipeleka korongoni, kwenye kisima cha mchangani tulichochimba kwa bakuli, nikangoja maji yatiririke taratibu, kiasi cha kunywa mtu mmoja kutwa nzima. Sikuyanywa. Nikazisugua mbegu kwa mchanga, nikazisugua kwa majivu, nikazisuuza, nikasugua tena. Viganja vyangu vikawa vyekundu. Maji yakawa mekundu. Mbegu zikatoka nyeupe kama za mtu yeyote, isipokuwa pale kwenye ncha, kwenye kimkunjo kidogo, rangi ilikataa. Nikazinusa. Bado zilikuwa na kiharufu. Nikasema kitakwisha njiani.

Yale maji ya kusuuzia yaliyobaki nilirudi nayo nyumbani kwa mazoea, maana maji hayamwagwi, nikayaacha nyuma ya nyumba kwenye kigae. Kuku wetu akayanywa. Siku ya pili akafa. Mama akasema ni kideri. Tukamla; nani angemtupa kuku mwaka ule? Tukaharisha wote wawili, mama akacheka akasema, "Ni mafuta haya. Tumbo limesahau mafuta."

Jumatatu niliingia darasani na konzi mbili za mbegu ndani ya kitambaa. Wenzangu walikuwa na punje tatu, wengine sita, wengine wamekaa wameweka mikono makalioni tayari. Nikafungua kitambaa juu ya dawati.

"Nani hana?"

Mstari mzima ukanigeukia. Nikawagawia. Nilihesabu vizuri, mimi, kumi kumi, bila kukosea. Mvulana mmoja, Musyoka, alipokea zake kisha akaniuliza kwa dharau, "Kwenu mmeficha lori?"

"Lori la mamako," nikamjibu. "Rudisha basi."

"Pole, chifu! Pole!" Na mbegu ameshazifumbata.

Wakaniita Chifu tangu siku hiyo. "Chifu, nigawie." "Chifu, mimi ndiye ndugu yako." Mstari wetu haukuchapwa. Jamani, nilikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa nimevaa rinda lenye kiraka juu ya kiraka, lakini nilitembea kama mwenye duka mjini Sultan Hamud. Wiki iliyofuata nikachota tena, nikaosha tena. Mkebe wa mwalimu ukajaa, na nusu yake ni mkono wangu.

Ijumaa moja Nduku alinivuta nyuma ya choo. Akanilambisha udongo ili niape.

"Wewe unafikiri punje huenda wapi?"

"Hesabu inakula."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mjinga wewe! Hesabu ina mdomo? Ni sisi tunakula. Baba anachemsha Jumamosi."

Nikamwangalia. Mwalimu! Sikujua walimu nao wanasikia njaa. Nilidhani wakisoma inaisha.

"Zako ndizo kubwa," Nduku akasema. "Zina harufu ya dawa dawa, lakini ukifunga pua hazina neno. Baba ananiachia za chini ya sufuria kwa sababu ni laini. Yeye anakunywa maji yake."

Hapa nataka mnielewe vizuri, maana mtu akisimulia dhambi yake hupenda kuipunguza. Mimi nilipoambiwa kwamba Nduku anazila, sikushtuka. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakawa moto. Mama alikuwa amesema rangi ndiyo inayokataza, na rangi nilikuwa nimeitoa kwa mikono yangu, kwa maji yangu ya kunywa. Rafiki yangu alikuwa anashiba kwa ajili yangu. Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata sikuchota konzi mbili. Nilichota nne.

Ilianza kwa mkono wake. Nduku alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wetu sote, mtoto wa mwalimu, lakini sasa herufi zikaanza kutoka nje ya mstari. Chaki ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Halafu miguu. Akivuka ua wa shule alikuwa anapanua miguu kama mtoto anayejifunza kutembea, na wavulana wakamfuata nyuma wakiyumba makusudi.

"Ameonja pombe! Mtoto wa mwalimu amelewa!"

"Mwalimu mwenyewe amelewa, tazama ubao!"

Ilikuwa kweli. Mwandiko wa mwalimu ulikuwa umeanza kulala. Mstari ulianza juu kushoto ukamalizikia chini kulia, kama mbuzi anayeteremka korongo. Alikuwa anafuta, anaandika tena, unalala tena. Sisi tulisema ni njaa. Njaa ndiyo iliyokuwa jibu la kila kitu, na hakuna aliyeona haja ya kutafuta jingine.

Siku moja tukiwa dawatini, bega langu limegusa bega lake, Nduku akaniuliza, "Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Kando yako."

Akageuza kichwa chote, polepole, akanitafuta kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Alikuwa anaona mbele tu. Kando palikuwa pameshafungwa. Aliponipata akatabasamu na ule mwanya wake, akasema, "Kumbe upo."

Lori la unga lililokuwa linarudi Emali likambeba, kwanza mpaka barabara kuu na kisha hospitali. Mwalimu alipanda nyuma kwenye magunia matupu amempakata, na miguu ya Nduku ilikuwa inatikisika hata kabla gari halijaanza. Nilisimama getini. Nilitaka kumpungia mkono lakini nilikuwa upande wake wa kando. Hangeniona.

Mwalimu alirudi baada ya siku nane. Alitembea kutoka barabarani, na mikononi hakuwa na kitu. Hata nguo za Nduku hakurudi nazo, wala vile viatu. Akaingia darasani, akaandika tarehe ubaoni, mstari ukalala, akaanza kufundisha. Hakuna aliyeambiwa. Tulijua kwa sababu ya mikono yake. Mkebe ulikuwa mezani na punje za Ijumaa ya mwisho, na wiki nzima hakuugusa wala hakutuambia tulete nyingine. Kiboko kilikaa kwenye pembe.

Kisha ikafika siku ya kufunga shule. Desturi yetu ilikuwa wazazi waje, wakae nyuma kwenye mabenchi ya kanisa, na darasa zima likumbuke muhula: mtoto mmoja mmoja asimame aonyeshe alichojifunza. Mama alikuja na leso yake nzuri. Alikuwa amenikanda mafuta ya mbarika usoni, maana alitaka watu wajue kwamba kwa kina sisi bado mafuta yapo.

Musyoka akasimama akasoma "Kuku ni ndege" bila kutazama kitabu. Kitabu alikuwa amekishika juu chini. Watu wakapiga makofi. Msichana mwingine akaimba majina ya miezi. Mwalimu akafika kwetu. Mahali pa Nduku palikuwa wazi. Mwalimu alikuwa na ule mkebe. Akauinamisha, akamwaga punje chache kwenye dawati langu, akazitenga moja moja kwa kidole kinachotetemeka mpaka zikawa kumi. Zote zilikuwa zangu. Kwenye ncha, kwenye kimkunjo, nikaona ile nyekundu iliyokataa kutoka. Nikatazama uso wake, nikajua kwamba huko hospitalini kuna mtu aliyemweleza. Na nikajua kwamba yeye hawezi kusema mbele ya wale wazazi, kwa sababu akisema mbegu zimeua, wataanza kuuliza mbegu za hesabu za watoto zilifikaje kwenye sufuria yake.

"Hesabu," akaniambia.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa mtoto wa hesabu, Chifu mwenyewe, mgawaji wa kumi kumi. Lakini nilitazama zile punje na ncha zake nyekundu.

"Hesabu," akasema tena. "Kumi, toa moja, ni ngapi?"

Darasa zima likawa linaninong'oneza. "Tisa! Tisa, Chifu!" Ubao wa benchi pale kando yangu ulikuwa baridi. Nikaona kwamba nikisema tisa, basi nimekubali. Mtu ametolewa na hesabu imekaa sawa, na sote tunaweza kwenda nyumbani.

Nikasema, "Sihesabu, mwalimu."

Nyuma wazazi wakaguna. Mtoto kukataa mbele ya watu! Mwalimu akaenda kwenye pembe akachukua kiboko. Akakiinua. Mkono wake ulitetemeka sana, kiboko kikawa kinapiga hewa chenyewe, na kikaanguka. Hakukiokota. Akaanza kuokota punje, lakini vidole havikuweza. Kila aliyoishika ilimponyoka ikaenda chini ya dawati.

Ndipo mama akasimama. Alipita katikati ya madawati, akapiga magoti sakafuni kwa leso yake nzuri, akamwokotea mwalimu zile punje. Ya tatu au ya nne akasita. Akaigeuza. Akanusa vidole vyake. Nilikuwa namtazama na nikaona kila kitu kinampita usoni: kuku, maji mekundu, kibuyu kilichokuwa kinazidi kuwa chepesi ambacho alidhani ni panya. Hakunitazama. Alimtazama mwalimu, na mwalimu akamtazama yeye, na kwa muda huo hapakuwa na mtu mwingine mle ndani.

Mama akasema kwa sauti, ili benchi la mwisho lisikie, "Mwalimu, mbegu hizi ni zangu. Nazichukua."

Akazifunga zote kwenye pindo la leso. Kumi. Na akachukua mkebe.

Mwanamke mmoja akaangua kicheko. "Hata za watoto anazidai! Uchoyo gani huu?" Mwingine akajibu, "Na mtoto ameshapakwa mafuta, kumbe mbegu zimefichwa kwapani." Mwalimu angeweza kumtetea kwa neno moja. Hakulisema. Mama naye angeweza kujitetea kwa neno moja, na neno hilo lingekuwa mimi. Kwetu mtu akisemwa kwamba chakula kutoka mkononi mwake kimeua, hata kama ni mtoto, hilo halioshwi kwa majivu wala maji. Atazeeka nalo. Mama aliona majina mawili yamewekwa mezani, la mchoyo na la muuaji, akachukua moja haraka kabla mwanawe hajapewa lingine.

Njiani hakunipiga. Ningependa angenipiga. Tulipofika nyumbani akashusha kibuyu, akakitikisa sikioni.

"Ulichota mara ngapi?"

"Jumatatu tatu."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi ndivyo hivyo. Mtu akikuuliza, mbegu ni za mamako."

Zile alizotoa shuleni akazichimbia shimo refu nyuma ya nyumba, akaweka mawe juu. Zilizobaki kibuyuni alizipanda mvua ilipokuja, maana ilikuja, kwa dharau kabisa, kama mgeni anayefika baada ya mazishi na kuuliza mbona kimya. Mahindi yakaota. Yalipokuwa mabichi ya kuchoma mama akavuna ya kwanza kabla hatujaonja hata moja, akajaza kiondo, akaenda nacho nyumba ya mwalimu. Akakuta imefungwa. Mwalimu alikuwa amehamishwa. Mama akaacha kiondo mlangoni hivyo hivyo, na kesho yake mbuzi wa shule walikuwa wamekula yote, hata kiondo wamekitafuna mkono mmoja.

Mimi shule sikurudi. Watu wakasema Mama Mbegu amemtoa mtoto wake shuleni kwa sababu ya punje kumi. Kusoma nilijifunza ukubwani, kanisani, kwenye darasa la akina mama. Maembe yangu nauza kwa mafungu na fungu nalijua kwa jicho. Mahindi sijayahesabu mpaka leo. Sasa mmejua. Mzee wa koleo, na wewe umejua.

Nina mjukuu, Mumbua, yuko gredi ya tatu, na nitaringa kidogo: hakuna wa kumfikia darasani. Wiki jana alikuja mbio. "Susu, tunafunga! Kila mtu atasema alichojifunza muhula huu, na mzazi pia anaingia. Mama yuko kazini, utakuja wewe."

Nikaenda. Nilivaa leso ya mama. Mwalimu wao ni msichana mpole, sauti kama ya mtu anayembembeleza ndama. Mtoto mmoja akasema amejifunza kuosha mikono. Mwingine amejifunza kupanda miti. Mumbua akasimama akasema amejifunza kwamba hesabu haina haraka, nikapiga makofi kuliko wote. Halafu mwalimu akasema sasa wazazi wasaidiane na watoto, akapita na bakuli, akaweka mbele ya kila mzazi punje kumi za mahindi.

Zilikuwa nyeupe. Nikaziinamia nikazinusa, watoto wakacheka. Hazikuwa na harufu. Niliigeuza moja nikaangalia ncha. Hakuna kitu. Benchi la mtoto lilikuwa fupi, na pale kando yangu, upande ambao Mumbua hakukaa, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

"Susu, ni rahisi," Mumbua akaninong'oneza. "Nitakuambia mimi."

"Susu anaringa!" baba mmoja akasema nyuma, na watu wakacheka vizuri tu, bila ubaya.

Yule msichana akainama karibu yangu, akatabasamu. "Haya, susu, tuanze na nyepesi. Kumi, toa moja, ni ngapi?"

Nikasema, "Sihesabu, mwalimu."